Ukurasa Mmoja kwa Kamati ya Jubilei

Mmeniomba historia ya shule, ukurasa mmoja,
wenye tarehe, na mapadri kwa mpangilio wao.
Tarehe ziko kabatini kwa paroko, mchwa wakiruhusu.
Mimi naanza na jiwe.

Ada ya kwanza hapa Nyamasale ilikuwa jiwe.
Si shilingi, si pamba, si debe la dagaa.
Wazee waliuwashia mwamba moto usiku kucha,
alfajiri wakaumwagia maji ya ziwa
nao ukalia, paa!
ukapasuka kama muhogo mkavu.
Kila mtoto akakumbatia kipande chake
akapanda nacho mlima, kimya,
kama siafu wanaohamisha mayai.

Bibi yangu alikuwa wa kumi na saba.
Nyumbani aliitwa Ng'washi.
Padri alichovya kalamu, akasikiliza,
akasikiliza tena,
wino ukadondoka daftarini.
Akaandika: Skolastika.
Doa lile lipo hadi leo, nimeliona kwa macho yangu.
Nadhani ndilo jina lake, lilivyosikika.

Hili nalo naliandika, mkitaka lifuteni:
tulichapwa.
Kwa kuchelewa, kwa kusema Kisukuma,
kwa kucheka katikati ya litania.
Mwalimu Lugwisha alichapa kwa mkono wa kushoto
na saa nne, kwa ule wa kulia,
alikumegea nusu ya kiazi chake.
Huu mwaka wa hamsini sijaamua
nikumbuke mkono upi.

Sista Petronia hakuchapa. Alitufundisha kufagia.
"Na chini ya kabati," alisema,
"Mungu ni mgeni wa mlango wa nyuma."
Majura, ambaye baba yake hakuamini kitu ila nyavu,
mpaka leo akinitembelea
huinua ncha ya mkeka kwanza, ndipo asalimie.
Na Mwanaisha wa duka la chumvi,
saa ya rozari alikaa barazani na sista mpishi
wakichambua mchele.
Hakuna aliyemwambia apige ishara ya msalaba.
Nyinyi mtaandika "maadili ya shule".
Mimi naandika mchele ule.

Kisha serikali ikaichukua shule.
Fundi alikuja na ndoo ya chokaa
na ngazi ya kuazima.
Juu ya mlango palikuwa na SALA NA KAZI.
Hakuwa mtu wa kupoteza rangi:
alifuta neno moja tu, akaandika UHURU,
herufi tano mahali pa nne, zikabanana
kama sisi kwenye dawati.
Masika mawili yalipolamba chokaa
SALA ikachungulia chini ya UHURU,
tukawa tunasoma neno lisilo na kamusi
kila asubuhi, kwa sauti, mstarini.
Mkaguzi aliuliza maana yake.
Tulimjibu: "Ni shule yetu, mwalimu."

Jiwe langu mimi? Nilichelewa kuzaliwa.
Madarasa yalikwisha, kanisa lilikwisha.
Limo katika choo cha wavulana,
la tatu kutoka chini, upande wa ziwani,
lina mshipa mweupe kama ufizi wa mtoto.
Najua wageni wa jubilei hamtawapitisha huko.

Siku hizi ada hulipwa kwa simu.
Lakini Januari hii, siku ya kuandikisha,
alikuja mtoto mmoja, Kwilasa, kamasi hadi mdomoni,
amekumbatia jiwe.
Bibi yake alimwambia huendi shule mikono mitupu.
Mwalimu mkuu alitazama simu, akatazama jiwe,
akatafuta katika fomu mahali pa kuliandika.
Hapakuwapo.

Mlango wa darasa la pili hauna komeo,
upepo wa ziwa huubamiza mchana kutwa
watoto wakashtuka, wakapoteza hesabu.
Nikamwambia: liweke hapa, baba.
Akaliweka.

Ukurasa umeniishia.
Mlango uko wazi.